Kuuza Ruhusa, Kubaki na Picha

  

Imetufikia hapa redioni barua ya mzazi mmoja wa hapa Sironga, Nyamira, ambaye binti yake, baada ya kumaliza kidato cha nne na kusomea biashara chuoni, alirudi nyumbani akatangaza mbele ya baba, mama na wajomba kwamba hatafuti kazi ya benki wala ya kaunti, bali anataka kuwa wakala wa wapiga picha za biashara. Mzazi auliza: je, kazi hiyo ipo, au mtoto amebuni jina la kusitiri ukosefu wa kazi?

Ipo. Ipo tangu zamani katika miji kama New York na London. Nairobi ipo kwa uchache, na aghalabu hufanywa na mtu ambaye kwenye kadi yake ameandika jina la kazi nyingine. Na kwa maoni yangu ina nafasi ya kuota hata huku kwetu milimani, ingawa si kwa njia ambayo huenda binti anaifikiria.

Tuanze na mpiga picha mwenyewe. Simsemi yule kijana mwema ambaye hutupiga picha kwenye harusi, kwenye mazishi na siku ya wazazi pale shule ya Sironga Girls, akazichapisha papo hapo kwa mashine yake ndogo na kutuuzia kabla matatu haijajaa. Huyo ana kazi yake ya halali, na mteja wake ndiye aliyemo ndani ya picha. Mpiga picha za biashara mteja wake ni kampuni: kampuni ya maziwa, ya simu, ya rangi za nyumba, hoteli, au benki inayotaka mama mwenye tabasamu kwenye bango la barabara kuu. Picha yake haiuzwi kwa yule anayeitazama. Hutumiwa kumuuzia mtazamaji huyo kitu kingine. Na wakala ni mtu aliyepewa madaraka na mpiga picha wa namna hiyo ili amtafutie kazi, ampatanie bei, amwandikie mkataba, na mwisho, jambo ambalo watu hulisahau, amdaie fedha zake.

Najua wapo kati yenu ambao mmeshamkumbuka dalali wa ndizi pale soko la Daraja Mbili, ambaye huuchukua mkungu kwa bei ya huruma, akauuza kwa bei anayoijua yeye na Mungu wake, na mkulima asipate kuisikia bei hiyo ya pili maisha yake yote. Wakala ninayemsema leo hainunui picha, wala haifichi bei ya pili. Kila invoisi mpiga picha huiona, na ujira wa wakala ni sehemu iliyoandikwa tangu siku ya kwanza. Akianza kuficha bei, amekwisha kuwa dalali, na mazungumzo ya leo hayamhusu.

Sasa nauliza swali ambalo mtu akilijibu vibaya, hata awe anawajua wakubwa wote wa kampuni za matangazo za Nairobi, hatadumu katika kazi hii. Wakala auza nini? Wengi watasema: auza picha. La, hasha. Wakala auza ruhusa ya kuitumia picha, na picha yenyewe hubaki kwa mwenyewe. Narudia, kwa ajili ya aliyekuwa jikoni: huuzwa ruhusa, picha hubaki.

Nasi wa Nyamira, ambao mashamba ya mababu yetu yamegawanywa na kugawanywa tena hata yakawa vipande vya kuhesabiwa kwa hatua, jambo hili twapaswa kulielewa kuliko watu wa nchi za mashamba makubwa. Kwa sababu ni nani kati yetu ambaye hajakodisha au kukodishiwa kipande cha ardhi? Mwenye shamba na jirani yake hukutana mbele ya mashahidi, wakapatana kwamba kipande ni kuanzia mti ule hadi mfereji ule. Kwamba ni misimu miwili, si mitatu. Kwamba kitapandwa mahindi au wimbi, lakini si mikaratusi, kwa maana mkaratusi ukishatia mizizi hautajua msimu umekwisha lini. Na muda ukitimia, shamba larudi kwa mwenyewe, ambaye ana ikhtiari ya kumkodishia tena mtu yule yule au mwingine. Hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye hulikodisha shamba kwa kumwambia jirani, "Chukua, tutaonana." Lakini wapiga picha wetu, na wengine ni mafundi wa kupigiwa mfano, hufanya hivyo kila juma: hupiga picha, hulipwa mara moja, hukabidhi kila kitu ndani ya flashi, na baada ya miaka miwili huziona picha zile zile kwenye mabango ya nchi jirani, wakaanza kunung'unika kwamba wameibiwa.

Je, wameibiwa? Hapa ndipo penye uchungu, na nawaomba mnisikilize kwa makini. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001, katika kifungu cha 31, yasema kwamba mwenye haki ya kwanza ni yule aliyeitunga kazi. Kisha yaongeza kwamba kazi ikiwa imeagizwa na mtu ambaye si mwajiri wa mtunzi, haki hiyo itahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa wenyewe wamepatana vinginevyo. Maana yake ni nini kwa lugha ya sokoni? Kampuni ikikuita ukaipigie picha za bidhaa zake, na msiandikiane lolote, sheria itaiangalia kampuni na kusema: picha ni zako. Kunyamaza ni kukabidhi. Waingereza nao walikuwa na kanuni ya namna hiyo kwa picha zilizoagizwa na kulipiwa, chini ya sheria yao ya 1956, hata walipoigeuza kwa sheria ya 1988, na tangu hapo kwao haki hukaa kwa mpiga picha hata kama hakuna aliyeandika neno. Kwetu haijageuzwa. Kwa hiyo, wakala wa London anaposahau kuandika mkataba, mpiga picha wake bado ana ngao. Wakala wa Kenya akisahau, mpiga picha wake amekwisha kuvuliwa nguo. Ndiyo sababu nasema kazi hii kwetu ni kazi ya karatasi kuliko ilivyo kazi ya maneno matamu, na msichana ambaye hapendi kusoma vifungu afadhali aende benki, ambako pia atavisoma, lakini kwa mshahara wa kila mwezi.

Karatasi hiyo hufananaje? Tuseme mpiga picha ameitwa kupiga picha ya mama anayechuma chai asubuhi, ukungu ukiwa bado haujapanda kutoka bondeni. Wakala mzuri ataandika hivi, kwa maneno machache: picha moja, itumike kwenye mabango ya barabarani na kwenye kalenda, ndani ya Kenya, kwa mwaka mmoja tangu siku ya kwanza ya kutokea hadharani, isitumike kwenye pakiti, wala televisheni, wala nje ya nchi, pasipo malipo mapya, haki nyingine zote zabaki kwa mpiga picha. Tazameni lile neno "pakiti" lilivyokaa hapo. Bango huteremshwa, pakiti huingia katika kila duka na kila nyumba, na picha iliyo juu yake huweza kuwa sura ya kampuni kwa miaka ishirini. Anayetoa ruhusa ya pakiti kwa bei ya kalenda amepandiwa mikaratusi shambani mwake. Na kama mteja ataka ruhusa awe nayo peke yake, asipewe mwingine yeyote, sheria yenyewe yadai iwe kwa maandishi na iwe na sahihi. Kauli ya simu haitoshi.

Jambo hili la kung'ang'ania haki halikuanza kwetu. Mwaka 1947 Robert Capa, Henri Cartier-Bresson na wenzao waliunda ushirika wa Magnum, na shabaha yao moja kubwa ilikuwa kwamba haki za picha zikae kwa wapiga picha wenyewe badala ya magazeti yaliyowatuma, ili picha ile ile iweze kuuziwa ruhusa tena katika nchi nyingine na mwaka mwingine. Na hapa Afrika Mashariki, Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, alianzisha Camerapix huko Dar mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka kama ishirini, kisha akaihamishia Nairobi. Dunia yamkumbuka kwa picha za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984, na kwa kifo chake katika ndege iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Visiwa vya Ngazija, Novemba 1996. Mimi, kwa ajili ya maudhui ya leo, namkumbuka kwa jambo lisilosemwa sana: alikuwa mfanyabiashara wa picha zake mwenyewe. Alitunza, alipanga, alichapisha vitabu na majarida ya abiria wa ndege, na alipofariki, hazina ile ya picha ilibaki chini ya Camerapix, mwanawe Salim akiisimamia. Picha iliyopigwa zamani yaweza bado kuombwa ruhusa leo, na mwombaji akajua mlango wa kubisha. Ni wangapi kati ya mafundi wetu ambao picha zao za miaka kumi iliyopita zina mlango wa kubishwa? Nyingi zimo ndani ya kompyuta iliyokufa.

Basi twende Tabaka, kusini mwa Kisii, tuione kazi hii ikitendeka. Mawe ya Tabaka hufika mbali: viboko vidogo, vibao vya sataranji, sahani, na watu walioshikana mikono kwa duara. Fundi huchonga kwa panga na kisu. Kina mama huketi karibu na beseni la maji wakikisugua kitu kwa msasa, ule mkwaruzo kwanza kisha ule laini, maji yakigeuka meupe kama uji. Hatimaye hutiwa nta na kusuguliwa hata rangi ya ndani ya jiwe itokee. Msafirishaji mmoja ataka picha za kumwonyesha mnunuzi wa Ulaya. Mpiga picha asiye na mwongozo ataviweka vitu juu ya kitambaa chekundu, ataviwashia taa ya mbele, na mistari yote ya jiwe itapotea. Wakala hapigi picha, lakini anajua ni nani miongoni mwa watu wake ajuaye kulaza mwanga kutoka ubavuni ili mistari ile isimame. Na kumjua huyo, tena kumpeleka huyo wala si rafiki yake, ni nusu ya kazi.

Nusu ya pili ni kwotesheni. Ujira wa ubunifu huandikwa peke yake. Ruhusa ya matumizi huandikwa peke yake. Gharama nazo huandikwa peke yake: usafiri, msaidizi, taa za kukodi, chakula, mtu wa kupamba vitu, na kama ndege isiyo na rubani itarushwa, idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga. Kisha wakala husubiri hati ya agizo, ile LPO, na sehemu ya malipo ya awali, kabla gari halijaondoka. Kwa sababu fedha za mafuta na za taa hutoka mfukoni mwa mpiga picha, ilhali kampuni nyingi hulipa baada ya miezi miwili au mitatu, na katika miezi hiyo mpiga picha akidai mwenyewe huonekana mkorofi, lakini wakala akidai huonekana anafanya kazi yake. Mashirika ya matangazo yana desturi zao, na wakala huzijua: ni nani mkurugenzi wa sanaa, ni nani wa hesabu, ni siku gani hundi hutiwa sahihi, na kwamba invoisi isiyo ya eTIMS, ule mfumo wa kodi wa invoisi, siku hizi hurudishwa bila kusomwa.

Sasa naja kwenye jambo ambalo mashirika makubwa hulikumbuka yakishashtakiwa. Yule mama mchuma chai, je, aliulizwa? Zamani, studio kama ya A. C. Gomes kule Unguja zilichapisha kadi za posta ambazo zilisafiri dunia nzima zikiwa na sura za watu wetu, na mara nyingi chini ya sura hakukuwa na jina. Watazamaji wa siku zile waliona ni kawaida. Leo tuna sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na mwezi wa Septemba 2023 kamishna wake aliitoza shule moja zaidi ya shilingi 4,000,000 kwa kuchapisha picha za watoto pasipo idhini ya wazazi, na kilabu kimoja cha burudani karibu shilingi 2,000,000 kwa picha ya mteja asiyeombwa ridhaa. Kwa hiyo wakala hubeba hati ya ridhaa, na hapa kwetu nasema aibebe pamoja na mtu wa kuisoma kwa Ekegusii, taratibu, hadi mama aelewe kwamba sura yake itakaa barabarani mwaka mzima, na kwamba ana haki ya kutaja bei au ya kukataa. Kumpa kilo mbili za sukari na kumwekea kidole kwenye wino ni ghiliba. Wapo waniambiao kwamba nikisema hivi nawaharibia vijana kazi, kwa maana kina mama wataanza kudai. Na wadai.

Nafunga sehemu hiyo, narudi kwa binti wa Sironga. Ataanzia wapi? Hakuna shule ya kazi hii. Mawakala wengi mashuhuri walitoka katika vyumba vya nyuma: walikuwa wasaidizi wa studio, waratibu wa upigaji picha, au wanunuzi wa picha ndani ya shirika la matangazo, mahali ambapo mtu huziona kwotesheni nyingi hata akajua ni ipi ya haki na ipi ya mzaha. Namshauri akakae huko kwanza, hata kwa ujira mdogo. Akishatoka, aanze na mpiga picha mmoja, asizidi wawili, na wasiwe wa fani moja: mmoja wa vyakula na bidhaa, mwingine wa watu na kazi zao, kwa maana akiwa na wawili wote wa vyakula, kila simu itakayolia itamletea ugomvi nyumbani. Wateja wa kwanza si lazima wawe wa Nairobi. Hoteli za mji wa Kisii zataka picha za vyumba. Ushirika wa akiba wataka kalenda. Wasafirishaji wa parachichi wataka picha za kuwapelekea wanunuzi. Na viwanda vyetu vya chai, Nyansiongo, Kebirigo, Sanganyi na vinginevyo, ambavyo chai yao nyingi huenda mnadani Mombasa ikiwa ndani ya magunia yasiyo na sura ya mtu, huenda siku moja vikataka kuuza kwa jina lao wenyewe, na siku hiyo vitahitaji picha ya kilima cha kweli.

Na ujira wake? Huko Marekani desturi ni kama robo. Kwetu hakuna sheria iliyoweka kiwango, wataelewana wenyewe. Lakini walielewe jambo hili moja: robo ni ya ujira na ya ruhusa, si ya gharama. Kazi ikiwa na ujira wa shilingi 100,000 na gharama za shilingi 60,000, robo ya wakala ni shilingi 25,000, na zile 60,000 hazimhusu, kwa kuwa ni petroli na mishahara ya watu. Wakala anayekata robo ya petroli amemtoza mpiga picha kodi ya kusafiri. Wala wasisahau kodi ya zuio, ambayo mlipaji hukata asilimia tano ya ujira wa wakala au wa mtaalamu na kuipeleka serikalini; waandike tangu mwanzo itakatwa kwa nani, ili mwezi wa hesabu usije ukavunja udugu.

Mwisho, mzazi wetu ameuliza katika mstari wa chini wa barua: wakigombana itakuwaje? Watagombana, au wataachana kwa amani, kwa maana mpiga picha hukua, naye wakala huchoka. Mkataba wao useme mapema: notisi ni ya miezi mingapi, wateja ambao mpiga picha alikuwa nao kabla ya wakala ni wa nani, nami nasema ni wake, na waorodheshwe kwa majina, na kazi iliyotafutwa na wakala lakini ikalipwa baada ya kuachana, wakala atapata sehemu yake kwa muda gani, miezi mitatu au sita, kisha basi. Picha zote, pamoja na jalada la kazi alilokuwa akiwaonyesha wateja, zirudi kwa mwenyewe siku hiyo hiyo.

Muda wetu umetutupa mkono. Mzazi wetu wa Sironga, mwambie binti kwamba akishaandika mkataba wake wa kwanza, atuletee nakala hapa studio, majina yakiwa yamefutwa, tuusome hewani kifungu kwa kifungu, na wasikilizaji wapige simu kukosoa.